Mshona Kofia Aliyepima Vichwa vya Wacheza Sataranji

Kabla hajakuuliza unataka kofia ya namna gani, mshona kofia wa mtaa wetu wa Moroni alikuuliza ukipoteza waziri unafanya nini. Wasiojua sataranji waligeuka kuangalia mlango, maana siku hizo, mamluki wakiwa wameshika kambi na barabara, neno waziri halikuwa la kusema ovyo. Waliojua kwamba anazungumzia kete walicheka, wakakaa mkekani, wakavua kofia zao kuukuu, naye akawazungushia uzi kichwani, juu kidogo ya masikio, sindano mbili zikiwa mdomoni.

Uzi ule ndio uliokuwa mizani yake. Akishaukata aliushika kwenye mwanga wa dirisha kama mtu anayesoma barua, kisha akatoa hukumu mbili kwa pumzi moja: "Kofia miezi minne. Na wewe, iache sataranji kidogo, nenda ukacheze dama."

Mimi nilikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta. Mchana nilichambua vanila kwenye ghala la tajiri mmoja karibu na bandari ya zamani: ndefu huku, fupi huku, zilizopasuka kule. Saa zilizobaki nilikuwa mtu wa ndoto. Nilitaka kuwa msichana wa ndege, yule anayesimama katikati ya viti akawaonyesha watu mlango wa kutokea. Shule niliiacha kabla ya mtihani, lakini ilinipa Kifaransa cha kuombea maji, na ilinipa sataranji. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa na ubao wake, akatufundisha wasichana watatu, halafu akahamishwa. Wenzangu wawili wakaolewa. Nikabaki na mchezo kichwani bila mtu wa kucheza naye, kwa sababu michezo yote ya mtaa ilikuwa bangwe, kwenye uwanja wa wanaume, na pale hata mwanamume ambaye hajafanya harusi yake kubwa ana pa kukaa na pa kutokaa. Msichana hana hata jiwe la kukalia. Ndiyo nikawa napita kwa mshona kofia.

Tulisemeshana lugha ya kwetu, naye aliichanganya na Kimalagasi kila alipokasirika. Nayaandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho mama yangu mkubwa, aliyelelewa Unguja, alichonifundisha kuandikia barua.

Watu walimjia kama wanavyomwendea mganga, nao wengi walikuwa na ugonjwa mmoja: walipenda sataranji na walikuwa wameichoka, au wamekosa wa kucheza naye, au wamechokana na yule mmoja waliye naye. Namkumbuka karani mmoja wa forodha, mnene, mcheshi, aliyekaa akajifuta jasho.

"Ukipoteza waziri unafanya nini, bwana?"

"Mimi? Navuruga ubao. Nasema tuanze upya."

"Na nyumbani?"

"Mke wangu hachezi, mama."

"Sijauliza kama anacheza."

Karani akacheka mpaka uzi ukamtoka kichwani. Mshona kofia akamwambia dama ndiyo dawa yake. "Kwenye dama ukiwekewa cha kula, lazima ule, hata kama mtego unauona kwa macho yako. Umezoea kuchagua mno. Nenda ukalazimishwe kidogo." Baada ya miezi minne yule karani alirudi kuchukua kofia, akasema kwamba anafungwa kila siku na mpishi wa jirani yake na kwamba hajawahi kulala vizuri namna ile.

Walikuja ndugu wawili kutoka Ntsoudjini, baba mmoja mama mmoja, waliocheza sataranji tangu utoto hadi wakaacha kusalimiana. Kila mmoja alikuwa na rangi yake. Mkubwa hakukubali kushika nyeusi, na mdogo alikuwa na kinyongo cha miaka ishirini juu ya hilo. Mshona kofia akawapa mraha, bao letu. "Komwe hazina rangi," aliwaambia. "Uliyoila ni yako, unaipanda, keshokutwa ni ya kwake. Hamtapata hata cha kugombania." Alikosea. Walipata. Waligombana juu ya nani anapanda taratibu mno na nani anahesabu kwa midomo, lakini waligombana wakiwa pamoja, njia nzima mpaka Ntsoudjini.

Mzee mwingine, mtu wa heshima zake bangwe, hakuridhika na mraha. "Mchezo usio na mfalme ni mchezo gani huo?"

"Ni mchezo ambao hakuna wa kumlinda, baba. Wote wanafanya kazi."

Watu waliokuwa mlangoni walichungulia njiani. Gari la askari lilikuwa limetoka kupita muda huo huo. Mzee akatazama chini, halafu akasema polepole, "Nipimie basi na huo."

Kwa wale aliowaona wana mapenzi ya kweli na sataranji, wale wanaopenda kufikiri kuliko kushinda, aliwafundisha fanorona, mchezo wa Madagaska alikotoka. Alichora mistari kwa chaki sakafuni, akapanga vijiwe ishirini na viwili huku na ishirini na viwili kule, katikati akaacha wazi. Wanaume wa sataranji waliupenda kwa jambo moja: kwenye fanorona unakula kwa kumsogelea mwenzio, na unakula vilevile kwa kumkimbia. Unarudi nyuma hatua moja, na waliokuwa mbele yako wote wanaondoka ubaoni. Nilimwona mwalimu mzima akipiga kofi pajani kwa kugundua hilo.

"Na mimi, mama? Kichwa changu cha mchezo gani?"

Nilimuuliza hivyo labda mara mia. Alinizungushia uzi, akaupeleka dirishani, akautupa. "Chako bado kinatembea. Nitakipima kikitulia."

Kunisema mimi natembea! Yeye mwenyewe sijapata kumwona akikaa kwenye mchezo mpaka mwisho. Alisogeza kete, akainuka, akaenda kuchungulia chungu. Akarudi, akasogeza, akainuka, akazigeuza kofia zilizotiwa wanga juu ya furuma, yale magogo ya kuzikaushia zisipoteze umbo. Aliwaambia wateja, "Mtu asiyeweza kukaa asicheze," na aliyasema hayo akiwa wima, akitembea. Aliwahubiria watu kupoteza kwa moyo mweupe, lakini nilipomfunga sataranji kwa mara ya kwanza aliufunika ubao kwa kofia ya bwana harusi wa watu na hakunisemesha siku mbili. Aliogopa bahari kupita kiasi, na kila baada ya miezi michache alipanda meli kwenda Mutsamudu, mji wa kisiwa kingine.

Na aliiba. Tulipocheza mraha alificha komwe moja shavuni, akacheza nayo mle asubuhi nzima huku akizungumza vizuri tu. Mwishoni akaitema kiganjani. "Nimekuibia tangu tulipoanza. Hukuona. Maana yake huhesabu, unaota." Nilicheka, nikalia kidogo, nikacheka tena. Tangu hapo nahesabu hata vanila mara mbili.

Sasa niseme juu ya kitambaa.

Kwenye rafu, juu ya furuma, palikuwa na kitambaa kilichokunjwa, na juu yake kopo la maziwa. Kitambaa kilishonwa mistari yote ya fanorona kwa uzi mwekundu, mshono mzuri kuliko wa kofia yoyote. Kopo lilijaa vifungo: vyeupe vya chaza na vyeusi vya makoti, ishirini na viwili kwa ishirini na viwili. Kitambaa na kopo hilo, na kidude chake cha kidoleni cha kushonea, ndivyo vitu pekee mshona kofia alivyoshuka navyo kwenye ndege watu wetu waliporudishwa kutoka Majunga, huko Madagaska, baada ya mauaji yaliyowapata kule. Mume wake hakushuka naye. Walipotezana barabarani, watu wakikimbia huku na huku, na tangu hapo hakuna aliyemwambia kama yu hai au amekufa.

Kila siku baada ya chakula walicheza, yeye na mume. Fanorona ina desturi yake: aliyeshinda, katika mchezo unaofuata, lazima akae atulie aliwe. Anampa mwenzake kete zake moja moja, bila kurudisha, mpaka abaki na tano. Ndipo anaruhusiwa kucheza. Siku ya mwisho mume alishinda. Akavirudisha vifungo kopeni akasema, "Kesho ule vyangu."

Kwa hiyo kitambaa kile hakikutandikwa. Aliwafundisha wengine kwa chaki na vijiwe, lakini yeye hakucheza fanorona na mtu. Alisema zamu si yake, ni ya mume wake, aje ampe vifungo vyake. Na safari za Mutsamudu zilikuwa kwa sababu hiyo: kule kuna bandari ya kina, meli za Majunga zinafunga gatini, na wapagazi wanajua nani kashuka. Moroni meli kubwa inasimama mbali, watu wanaletwa kwa mashua, huwezi kuuliza kila mtu.

Haya yote aliniambia mimi, na mimi nina moyo mwepesi na mdomo mwepesi zaidi.

Mamluki alikuja siku ya Jumamosi, mzungu mrefu mwenye nywele za mchanga, na gari akaliacha limezuia njia. Alikuwa amesikia kuna mwanamke anayechagulia wapenda sataranji michezo. Kambini, alisema, hakuna anayeweza kumfikisha hatua ishirini. Alikuwa amechoka. Aliketi mkekani na viatu vyake.

Niliitwa kwa ajili ya Kifaransa changu.

"Mwambie avue viatu," mshona kofia alisema.

Nikamwambia kwa namna ya kuomba. Akaviangalia, akacheka, akavivua. Akapimwa kichwa.

"Muulize akipoteza waziri anafanya nini."

"Sipotezi," alisema mamluki.

"Basi dama."

Hakupenda. Macho yake yalizunguka chumba yakatua kwenye rafu, kwenye ule uzi mwekundu. "Na ile?"

"Mwambie ile si ya dukani."

Hapa ndipo nilipokosea. Nilikuwa namtazama mtu mwenye redio kubwa na ndege zinazomtii, nikaona kama ameletwa na Mungu. Nikamfasiria, halafu nikaongeza yangu: kwamba ni mchezo wa mume wake, kwamba amempoteza Majunga, jina lake hili, kazi yake fundi wa milango, na je bwana hawezi kuuliza?

Mamluki alinitazama, akamtazama yeye. "Acheze na mimi mchezo ule. Nitauliza."

"Umemwambia nini?" aliniuliza mshona kofia. Sauti yake ilikuwa ndogo. Nilipomwambia, alisimama akaenda kwenye chungu ambacho hakikuwa motoni. Akafunua kifuniko. Akafunika. Kisha akaenda kwenye rafu, akakishusha kitambaa, akakitandika mbele ya mtu yule.

Alimfundisha kupitia mdomo wangu. Mzungu alikuwa na akili, lazima nikiri. Kula kwa kurudi nyuma alikuelewa kabla sijamaliza sentensi. Mchezo wa tatu akashinda, kwa sababu mshona kofia alicheza kama yuko melini, vifungo vikimponyoka.

"Mwambie sasa zamu yake kuliwa. Anipe vyake mpaka vibaki vitano."

Nikamwambia. Mamluki akadhani nimekosea kufasiri. Nikarudia. Akaanza kucheka, cheko la kweli, si la ubaya. "Aliyeshinda ndiye anatoa? Huo ni wazimu." Akavaa viatu palepale mkekani, akaagiza kofia, akaondoka.

Alirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Kila mara mshona kofia aliuliza, "Ameuliza?" na kila mara jibu lilikuwa kesho, wiki ijayo, redio mbovu. Na kila mara mamluki alipofungwa alitaka mchezo mwingine, na kila aliposhinda alikataa kutoa hata kifungo kimoja. Mwezi ulipokwisha, mtaa ulishasema. Gari la mamluki mlangoni kwa mwanamke asiye na mume, nani atauliza wanacheza nini? Wakamwita bibi wa kambi. Lakini lililomkata ni jingine: nani ataingia bangwe, siku ya harusi yake, na kofia iliyotoka nyumba ile? Bwana harusi mmoja alituma mtu aichukue yake ikiwa nusu, bila viua vya uzi upande mmoja. Hata karani wa forodha alipita upande wa pili wa njia.

"Ni mimi, mama," nilimwambia. "Nilitaka kusaidia."

"Najua. Ndiyo maana siwezi hata kukupiga."

Kofia ya mamluki aliimaliza. Mwenyewe akaja akaivaa mbele yetu, ikamkaa juu ya utosi kama kifuniko cha birika, na askari wake aliyekuwa mlangoni akageuza uso asionekane anacheka. Hakurudi tena. Baadaye mshona kofia aliniambia, "Kichwa chake nilikipima sawasawa." Akakiloweka kitambaa kwa ndimu, akakifua, akakikausha, akakikunja, na wiki ile ile akapanda meli kwenda Mutsamudu na furuma zake zote. Hakuniaga. Nilisikia tu ukuta umenyamaza.

Miaka miwili nilizungumza na ukuta ule. Nilichambua vanila, nikaota ndege, nikacheza sataranji mkono wa kulia na wa kushoto, na wa kushoto ulianza kunionea. Mwishowe nikaomba ruhusa ya siku tatu ghalani. Nilikuwa na neno la msamaha nililolifanyia mazoezi mpaka likaisha ladha. Nililitapika pamoja na chakula chote katikati ya bahari.

Bandarini Mutsamudu sikuhitaji kuuliza sana. Wapagazi walikuwa wamekaa juu ya magunia wakisubiri meli, wawili kwenye mraha, wawili kwenye dama, na mmoja, kijana mwenye mabega kama mlango, peke yake mbele ya mistari ya chaki.

"Fanorona hiyo umefundishwa na nani, kaka?"

"Sikufundishwa, nimeandikiwa kama dawa. Nenda ukapimwe kichwa, dada, utaandikiwa na wewe. Uchochoro wa tatu, ukisikia mtu anatembea ndani, ni hapo."

Lakini sikusikia mtu akitembea. Mlango ulikuwa wazi, harufu ya mlangilangi ikishuka kutoka viwanda vya marashi vya juu, naye alikuwa amekaa. Alikuwa amejifunga shiromani kama wanawake wa kule, amekonda, sindano mbili mdomoni. Akazitoa.

"Kimerudi," alisema. "Kichwa kinachotembea."

Nikaanza neno langu la msamaha. Akainua mkono.

"Miezi miwili iliyopita alishuka mwanamke kutoka Majunga," alisema. "Aliishi nyuma ya nyumba yetu kule. Alimwona mume wangu akizikwa. Siku ile ile tuliyopotezana, mwanangu. Wakati mimi napanda ndege alikuwa ameshazikwa. Miaka yote hii nilikuwa namsubiri mtu aliyelala."

Nililia mimi. Yeye alinitazama kama anayesubiri mvua ipite. Kisha akasema, "Ukimaliza, lete kitambaa. Kiko juu."

"Nani atacheza, mama?"

"Kuna mtu kati yetu alimtaja kwa mamluki jina, kazi, na kila kitu, kana kwamba ni mume wake. Mtu huyo akae upande wa marehemu."

Nikakitandika. Nikapanga vifungo, vyeupe kwake, vyeusi kwangu, na katikati wazi. Nikakaa mahali pa mshindi.

Nikampa cha kwanza. Akakila, akakiweka kopeni, kikalia. Nikampa cha pili. Si rahisi kama mnavyodhani: mkono unataka kurudisha, kila mara unaona nafasi, na mimi mtoto wa sataranji nilizoea kutoa kitu ili nipate kitu. Hapa natoa tu. Kufika cha tisa, mshona kofia alikuwa anakula huku machozi yanamshuka mpaka kidevuni, na hakuyafuta, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na vifungo na mwingine umeshika pindo la kitambaa. Cha kumi na tano. Cha kumi na sita. Cha kumi na saba kilikuwa na ufa, nikakisukuma kwa kidole, naye akakifumba kiganjani muda kabla ya kukiacha kianguke kopeni.

"Vitano," nilisema.

"Vitano. Sasa cheza. Na usinihurumie, yeye hakunihurumia hata siku moja."

Nikacheza. Nikarudi nyuma hatua moja, vyake vitatu vikaondoka. Akanitukana kwa Kimalagasi. Nikasogea, nikakimbia, nikala tena. Alikuwa amepinda mgongo juu ya kitambaa, na chungu jikoni kilikuwa kinachemka na kufurika, na hakugeuka.

Ndipo meli ikapiga honi gatini. Ndiyo niliyotakiwa kurudi nayo, siku zangu tatu zilikuwa zinaishia njiani. Nikainuka nusu, nikitafuta viatu kwa macho.

Mshona kofia akavuta uzi kwenye kikapu chake. Bila kunyanyuka, akaupitisha kichwani kwangu, juu ya masikio, akaukata kwa meno. Hakuupeleka dirishani. Akaufunga fundo, akauweka kwenye kopo pamoja na vifungo vyeusi.

"Kaa," alisema. "Zamu yako."